Boti Iliyomngoja Mkubwa

Watu wakiniuliza kwa nini bado nashuka mgodini na kifua hiki kinachokoroma, huwajibu kwamba dhahabu ni tamu. Uongo mtupu. Nashuka kwa sababu nilikuwa na boti ya kunitoa huko, na boti haikunitoa. Nitaeleza ilivyokuwa, na nitaeleza kwa hasira, maana nimejaribu kueleza kwa upole kanisani na hata matangani, sikuweza.

Mimi ni fundi wa pampu. Kwenye machimbo ya dhahabu upande wa Migori mashimo hujaa maji mvua inyeshe isinyeshe, na mtu kama mimi hushuka na paipu kuyavuta ili wachimbaji waingie. Nyumbani kwetu ni Homa Bay, ufuoni kabisa, pahali ambapo ukitupa jiwe kutoka jikoni kwa mama linaangukia ziwani. Mke wangu aliishi hapo na mama. Mimi nililala Migori kwenye kibanda cha mabati na wanaume wengine wanaonuka matope, nikarudi mwisho wa mwezi, nikakohoa wikendi nzima kwenye kitanda changu mwenyewe, kisha nikapanda gari la Ndhiwa kurudi shimoni. Mke wangu ametoka Rangwe, na kwetu mwanamke aliyeolewa huitwa kwa jina la kwao, kwa hiyo kijiji kizima humwita nyar Rangwe, binti wa Rangwe, nami pia namwita hivyo. Mimba mbili zilimtoka nikiwa chini ya ardhi. Habari nilizipata kwa simu nilipopanda juu kuvuta hewa.

Boti yenyewe ilikuwa ya mzungu mmoja aliyekuwa na kambi ya wageni pale ufuoni, na baba alikuwa soja wake, mlinzi wa usiku. Siku mzungu alipochoka nasi akafunga kambi, alimshika baba mkono mbele ya wafanyakazi wote akamwambia, mzee, boti hii ni yako. Baba aliivuta nyumbani na trela yake kwa ng'ombe wa kulima, watoto wa kijiji wakiifuata nyuma wakipiga vigelegele kama ni bibi harusi. Akaiegesha kando ya ghala, akaifunika turubai, na hakuitia majini hata siku moja hadi alipofariki. Alisema inakunywa petroli kuliko mlevi. Kuku walitagia chini ya usukani, na mama akaanika omena zake, vile vidagaa vya ziwani, juu ya turubai.

Ilikuwa boti ya zamani, ya ule mchezo wa kuvuta mtu kwa kamba. Mtu anafunga miguu kwenye ubao, anashika kamba iliyofungwa juu kwenye chuma kirefu kilichopinda kama lango, boti inakimbia na yeye anarukaruka nyuma. Injini yake iko ndani, na propela imejificha chini ya tumbo, haikutokeza mkiani kama kwa boti za wavuvi wetu. Hilo la propela ndilo lililokuja kuwa na maana, kwa sababu kambi ilipofunguliwa tena na watu wengine, msimamizi wao, mama mmoja wa makamo asiyejua kuzungusha maneno, alipita nyumbani kununua mayai, akaiona boti, akainama moja kwa moja kuangalia chini.

"Propela iko ndani," akasema. "Hii inaweza wimbi?"

Sikuelewa. Akanionyesha simu yake. Mwanamume amesimama kwenye ubao mfupi nyuma ya boti, karibu kiasi cha kupokezana kikombe cha chai na walioketi ndani, na hana kamba. Wimbi la boti lenyewe ndilo linalomsukuma. Anateleza tu, anacheka, mikono imening'inia. Propela ikiwa nje mkiani ingemkata miguu, ndiyo maana mama yule aliinama kwanza. Akaniambia wageni wake wameona mchezo huo kwingine na kila wakija wanauulizia, na boti mpya zinazoundwa kwa kazi hiyo yeye hana njia ya kuzipata.

"Nitolee wimbi la kubeba mtu bila kamba kabla ya Krismasi," akasema. "Likisimama, boti itafanya kazi kwangu mwaka mzima na dereva ni wewe."

Mwaka mzima, hatua chache kutoka kwa mlango wangu! Nilimweleza nyar Rangwe jioni hiyo. Alikuwa na mimba ya tatu, changa, hatukuwa tumemwambia mtu. Aliendelea kukoroga uji kana kwamba hajasikia, kisha akauliza, "Kwa hiyo utalala hapa kila siku?"

"Kila siku."

"Basi tengeneza."

Nikaomba ruhusa mgodini, nikaanza. Na wacha niseme, kama kuna kitu nimewahi kukifanya kwa moyo wangu wote ni kile. Kwa ule mchezo wa kamba, boti hutakiwa iwe nyepesi na ikimbie, mawimbi ya nyuma yawe madogo na sawa, kulia na kushoto. Kwa huu mpya ni kinyume chake kabisa. Boti iende polepole, ikalie makalio, iinamie upande mmoja, ili wimbi la upande huo lisimame refu na safi. Kwa hiyo boti iliyoundwa iruke ilibidi niifundishe kuzama kidogo, na hicho kidogo ndicho kinachotaka akili, maana ukikosea unazama kabisa.

Uzito ni maji. Unaweka mifuko mikubwa ndani ya boti, unaijaza maji ya ziwa kwa pampu ukishafika mbali, na ukimaliza unayatoa. Sasa maji na pampu si ndiyo maisha yangu? Fundi anayeshona maturubai ya malori pale Migori mjini alinichomea mifuko mitatu: mmoja mkubwa wa pembe ya nyuma kushoto, wa pili wa katikati, na mdogo wa puani, kwa sababu uzito ukiwa nyuma peke yake wimbi linakuwa fupi na la hasira, mtu hana pa kusimama. Mfuko wa kwanza niliujaribu uani ukapasuka, maji yakashuka hadi kwenye omena za mama zilizoanikwa, zikarudi kuogelea. Yawa! Mama alinifukuza na mwiko hadi kwenye ua wa ojok, ile minyaa ya utomvu, na nyar Rangwe alicheka hadi akakaa chini. Nadhani ndiyo siku ya mwisho tuliyocheka sote watatu. Fundi akachomea upya, safari hiyo mara mbili.

Propela niliipeleka Kisumu ikarekebishwa isiume maji mengi, kwa sababu boti nzito inataka nguvu, haitaki mbio. Nyuma upande wa kulia nikafunga kibao cha aluminiamu kilichotokeza nje kidogo, kiyacheleweshe maji ya upande ule yasije yakalivuruga wimbi la kushoto. Moshi ndio niliouogopa. Anayeteleza yuko nyuma pale pale unapotokea, na mimi nimeona moshi wa pampu ukimlaza mtu shimoni bila kelele, ukadhani amesinzia, kumbe. Nikaunganisha paipu ndefu nikauelekeza chini ya maji, mbali na upande wa wimbi. Injini niliiwasha uani ikipozwa kwa maji ya paipu, ikakohoa, ikatema manyoya ya kuku, ikakubali. Majirani wote walikuja kusikiliza. Ilikuwa tayari.

Hapo ndipo mama aliponiita jikoni.

"Nyathina," mwanangu, akaniambia, "boti ni ya nani?"

"Ni ya baba."

"Na kitu cha baba hufunguliwa na nani?"

"Mama, hii si shamba."

"Nimeuliza."

"Na mkubwa."

"Basi," akasema, akarudi kwenye moto wake.

Kwa asiyetujua, nieleze. Kwetu Wajaluo mdogo hamtangulii mkubwa. Mkubwa ndiye wa kwanza kupanda, wa kwanza kuvuna, wa kwanza kuhama boma la baba akajenga lake. Ukimruka, chira inaingia nyumbani: mtu anakonda bila ugonjwa, mimba zinatoka, watoto wanakufa. Vijana wa leo wanacheka. Mimi sicheki, kwa sababu nyumba yangu ilikuwa imepoteza mara mbili, na kulikuwa na shangazi waliokuwa wakisema chini chini kwamba labda nilimruka mtu mahali fulani. Mama ni mtu wa kanisa, kitambaa cheupe kila Jumapili, na nilipomkumbusha hilo alinijibu kwamba hata Yesu alikuwa kifungua mimba.

Mkubwa wetu anakaa Suna, ana duka la mabati na misumari. Nisimsingizie, si mtu mbaya. Ni mtu wa maneno matamu na mikono mizuri ya kusalimia. Tatizo lake ni kwamba amezoea kusubiriwa. Mwaka mmoja mvua ilinyesha wiki nzima tukimngoja aje arushe mbegu ya kwanza, mashamba ya majirani yakawa kijani sisi tunaangalia udongo wetu mweusi, naye alipokuja akarusha kiganja kimoja, akala kuku, akaondoka. Husemwa mkubwa ni jalala. Jalala letu lilikuwa na kufuli.

Nilimpigia simu. "Mdogo wangu, usiwe na wasiwasi," akasema, "nakuja wikendi hii." Wikendi hiyo lori lake la mabati likakwama. Iliyofuata kulikuwa na harambee ambayo yeye ndiye mgeni wa heshima. Iliyofuata jino lilimuuma. Haki ya nani, sikujua jino la mtu linaweza kuizuia boti isielee. Msimamizi wa kambi alikuwa akija kila baada ya siku chache, anasimama kando ya trela, anaangalia boti, ananiangalia mimi.

"Imekamilika?"

"Imekamilika."

"Sasa inangoja nini?"

"Inamngoja kaka yangu."

Hakuwa mtu wa huku, na sikumlaumu alivyonitazama.

Nyar Rangwe naye alichoka. Tumbo lilikuwa limeanza kuonekana, na muda niliopewa mgodini ulikuwa unakwisha. Asubuhi moja mama alipokuwa amekwenda sokoni aliniita nyuma ya nyumba.

"Sasa hivi," akasema. "Ita vijana wa nyavu wakusaidie kusukuma. Zunguka mara moja, jaribu mifuko yako, urudi. Atajua nani?"

"Na mimba?"

"Mimba iko tumboni mwangu, haiko tumboni mwa kaka yako. Mimi ndiye niliyeibeba na mimi ndiye nasema ingia majini."

"Na ikitoka tena? Nitasema nini?"

Alijifunga leso yake upya. Kisha akasema, "Utasema ulikuwa hapa."

Mnaona mwanamke huyo? Na bado sikuingia. Nilisimama pale nikiangalia maji, yametulia vizuri, magugu yamesukumwa na upepo hadi ng'ambo, siku ambayo hata mtoto angeweza kuendesha, na nikashindwa. Niliogopa. Akaingia ndani akafunga mlango, na siku mbili alinipa chakula bila kuniita. Asiyesikia la mkuu huvunjika guu, tuliimbishwa hivyo shuleni. Mimi nililisikia la mkuu, na guu likavunjika vilevile.

Msimamizi akaniletea neno la mwisho: Jumamosi. Wageni wa Krismasi walikuwa wameanza kuingia. Wimbi lisiposimama Jumamosi, atawapangia mambo mengine na habari ya boti iishe. Nilimpigia mkubwa simu nikamwomba kama anayeomba maji ya kunywa. Akaja, kweli akaja. Alifika jua limeanza kushuka kutoka utosini, suruali nyeupe, viatu vya ngozi, na marafiki zake watatu kutoka Suna ambao aliwaahidi kitu ambacho hawajawahi kukiona. Ufuo wote ulikuwa umejaa. Wavuvi waliacha nyavu, wanawake waliacha kugeuza omena. Mama aliishika pua ya boti kwa mikono miwili akaiombea, akamtaja baba, akamtaja Mungu, akamtaja mkubwa. Mimi hakunitaja, na sikutarajia.

Mkubwa akakaa kwenye kiti cha dereva. Hakuwahi kuendesha boti maishani mwake. Hata kuogelea hajui, mtoto wa ziwani mzima. Nilipanga aizungushe kidogo ikiwa tupu, mkono wake uwe wa kwanza, mila itimie, kisha anipishe nijaze mifuko na nionyeshe wimbi. Nilimwambia hivyo taratibu, kwa heshima, sikioni mwake.

"Omera," ndugu yangu, akaniambia kwa sauti ya kusikika ufuoni, "mimi naendesha lori la mabati kutoka Kisumu usiku na mvua. Boti ni nini? Jaza mifuko yote, watu waone."

Nilimgeukia msimamizi anisaidie. Alikuwa anaangalia saa, binti mmoja mgeni wa Nairobi, ndiye atakayeteleza, keshavaa jaketi, na alichosema ni, "Tafadhali, tuanze."

Basi nikamweleza mkubwa mambo mawili. La kwanza, uende mwendo ule ule usiubadilishe. La pili nililirudia mara mbili: binti akianguka, usigeuze kwa nguvu. Punguza moto, acha boti ikae, ngoja mawimbi yetu wenyewe yapite, ndipo umrudie polepole. Boti ikiwa tupu itayapanda mawimbi hayo kama bata, ila ikiwa imebeba maji itayala. Akaitika mhm, mhm, akiwapungia watu mkono. Marafiki zake wakaingia wakakaa puani, juu ya ule mfuko mdogo, simu mkononi wachukue picha. Nikawaomba wahamie nyuma. Mkubwa akasema, "Waache wageni wangu wakae." Sote tulikuwa na jaketi za kuokolea za kambi. Kwa hilo namshukuru msimamizi hadi leo.

Tulipofika maji marefu nikawasha pampu. Boti ikashuka kidogo kidogo, ikainamia kushoto, ikakaa kama mama mkubwa anayejiweka sawa kwenye kiti cha kanisa. Binti akaruka majini na ubao wake, akashika kamba fupi ya kuanzia tu, mkubwa akatia moto. Na wimbi likasimama.

Sijui niseme vipi. Nilikuwa nimekaa nyuma na pampu zangu, nikaliona likijiinua palepale chini ya mkono wangu, la kijani, laini mgongoni, halipigi kelele. Binti alisimama juu ya ubao, akasogea, akajipima, halafu akaitupa kamba ndani ya boti ikaniangukia mapajani. Akabaki hapo. Hakushikwa na kitu. Alikuwa ananitazama usoni akicheka, na mimi, mwanamume mzima, nilikuwa nalia waziwazi. Ufuoni tulisikia vigelegele. Nilimtafuta nyar Rangwe kwa macho nikaiona leso yake. Kwa muda ule wimbi liliposimama mimi nilikuwa nimeshatoka mgodini. Nilikuwa nimelala kwangu, nimeamka kwangu, nimemwona mtoto akizaliwa.

Binti akaanguka, vizuri tu, anavyoanguka mtu anayecheza. Akainua mkono kuonyesha yuko salama.

"Punguza!" nikaita. "Punguza, ngoja yapite!"

Mkubwa akazungusha usukani wote na kutia moto, kama dereva aliyempita abiria wake kwenye steji. Sikumfikia. Boti ikageuka nzito nzito, na mbele yetu yakawa yanakuja mawimbi yetu wenyewe, lile la kwanza na ndugu zake. Pua yenye mfuko na wanaume watatu iliingia chini ya la kwanza ikakataa kutoka. Maji yakapita juu ya kioo bila haraka, yakatukalia. La pili likamaliza. Injini ikasema neno moja ikanyamaza, na boti ya baba ikaondoka chini ya miguu yetu, na sisi tukabaki tunaelea kwa jaketi kama maboya ya nyavu. Mkubwa alikuwa ananishika shingo akiita mama. Wavuvi walitufikia upesi na mitumbwi yao. Yule binti aliogelea mwenyewe akawa wa kwanza kufika nchi kavu.

Boti ilitolewa siku zilizofuata kwa kamba, wanaume wengi wakiivuta juu ya mawe, na mawe yakaipasua tumbo. Injini ilijaa tope. Mifuko yangu mitatu ilitoka imejaa vilevile, mizima, haikuvuja hata tone. Kuna wanaosema kosa ni mfuko wa puani, kwamba sikupaswa kuuweka pale. Watu hao nawauliza kama mfuko ndio ulioshika usukani. Mtoto alizaliwa salama, msichana, ana mapafu ya tarumbeta. Nilimsikia akilia kwa mara ya kwanza kwa simu, nikiwa Migori, nimesimama mdomoni mwa shimo na paipu begani. Mama anamwambia kila mgeni kwamba mtoto huyu amekaa kwa sababu tulimngoja mkubwa. Na mimi nimweleze nini? Kwamba si kweli? Najuaje kama si kweli? Hapo ndipo wamenibana, hata hasira yangu haina pa kukaa.

Lakini hayo yalikuja baadaye. Siku yenyewe, tuliposhushwa ufuoni, watu walimzunguka mkubwa. Mmoja alimvua jaketi, mwingine akamfunika leso, wazee wakapanga foleni kumpa mkono kama aliyefiwa. Pole, jaduong', mzee wetu, pole sana. Kitu cha baba yako. Pole. Suruali nyeupe ilikuwa imegeuka rangi ya chai na viatu havipo, naye alikuwa anaitika kwa kichwa, macho mekundu, na nitasema ukweli, uchungu wake haukuwa wa kuigiza. Alikuwa amepoteza boti. Kila mtu pale alijua ni yeye aliyepoteza boti.

Msimamizi wa kambi alinipita akielekea kwenye gari lake. Akaliwasha, akaondoka. Nyar Rangwe nilimwona kwa mbali akipanda njia ya nyumbani peke yake, mkono mmoja kiunoni.

Mama ndiye aliyenijia. Nilidhani atanikumbatia. Alinishika kiwiko, akanipangusa maji nyweleni kwa kiganja, akasema kwa sauti ndogo, "Afadhali imezamia mkononi mwa mwenyewe. Ingezamia mkononi mwako wangesemaje?" Kisha akanisukuma mgongoni. "Nenda. Mpe kaka yako pole."

Nikaingia kwenye foleni. Mbele yangu kulikuwa na mzee wa kanisa, na nyuma yangu mwanamke wa omena na beseni lake. Zamu yangu ilipofika nikanyoosha mkono, naye akaupokea kwa mikono yake miwili.

"Pole, mkubwa," nikasema.

"Asante, mdogo wangu," akanijibu, na machozi yakamtoka. "Ni mapenzi ya Mungu. Wewe afadhali, una kazi yako Migori."